Barua ya wazi kuhusu visukuku vya Lindi: tunaomba daftari la kuandikisha tunachokiona

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi,
na kwa Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri zote za mkoa huu.

YAH: OMBI LA KUWEKA UTARATIBU WA WANANCHI KUTOA TAARIFA ZA MIFUPA NA MAWE YA KALE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari mkoani Lindi, na ninaandika kwa niaba ya kikundi kidogo cha walimu, wanafunzi, mafundi uashi na wakulima ambao, muda unaporuhusu, hutembea kwenye makorongo, mitaro ya barabara na kingo za bahari kuangalia mawe. Hakuna mwanajiolojia hata mmoja kati yetu. Hatuchimbi, hatuuzi, wala hatuna leseni ya aina yoyote kwa sababu hatufanyi kazi inayohitaji leseni. Tunaangalia, tunapiga picha, tunaandika. Tunachokiomba katika barua hii ni kitu kimoja tu: kuwe na mahali rasmi, ndani ya mkoa huu, ambapo mwananchi aliyeona mfupa uliogeuka jiwe anaweza kuandikisha alichokiona bila hofu na bila kulazimika kufunga safari ya Dar es Salaam, Dodoma au Arusha.

Sina haja ya kuwaeleza viongozi wa Lindi habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake iko Berlin, kwa kuwa jambo hilo limezungumzwa bungeni, redioni na vijiweni kwa miaka mingi. Naomba tu nikumbushe namna lilivyoanza, kwa sababu mwanzo wake unahusika moja kwa moja na ombi letu. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa, mhandisi wa kampuni ya Kijerumani ya utafutaji madini, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Alitoa taarifa kwa wakubwa wake. Taarifa ikapanda ngazi kwa ngazi, na mwaka uliofuata Profesa Eberhard Fraas alifika mwenyewe kutoka Ujerumani, akaiona mifupa, akaandika. Kuanzia 1909 hadi 1913 ukaja msafara wa makumbusho ya Berlin chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ambao kwa mikono ya mamia ya vibarua wa kusini mwa nchi hii ulichimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na udongo wake. Mizigo ilibebwa na wapagazi kwa miguu, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mingine ilifungwa ndani ya mianzi iliyokatwa hukuhuku, na baadhi yake ilikaa ghalani Berlin kwa karibu miaka mia moja bila kufunguliwa.

Ninalotaka mlitazame, Waheshimiwa, ni hili: mwaka 1906, chini ya serikali ya kikoloni ambayo haikututakia mema, taarifa ya mtu mmoja aliyeona mfupa njiani ilikuwa na njia ya kupita, na iliwachukua wataalamu takriban mwaka mmoja kufika. Leo hii mkulima wa Mipingo, kijiji kilicho jirani na Tendaguru, akiona mfupa wa aina ileile shambani kwake, taarifa yake haina njia. Inaishia kwa mtendaji wa kijiji, ambaye hajawahi kuelekezwa aifanyie nini.

Mjadala wa kurudishwa kwa mifupa iliyoko Berlin una watu wake na mimi siuingilii hapa. Nakiri tu kwamba unanichosha kidogo pale unapozungumzwa kana kwamba mifupa yote ya Lindi iliondoka na meli za Wajerumani. Haikuondoka. Waingereza walikuja baada yao, kati ya 1924 na 1931, wakachimba palepale na kando yake, na bado waliacha mengi. Mwaka 2000 watafiti wa Kijerumani walirudi kuchunguza upya matabaka ya miamba na waliyakuta yakiwa yamejaa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Kila masika mvua hukata kingo za makorongo, na kila kiangazi, moto unapopita porini na nyasi ndefu kuteketea, ardhi hubaki wazi kwa majuma machache na vipande vipya huonekana. Ndiyo majira tunayoyasubiri sisi. Baada ya hapo nyasi hurudi, na kilichoonekana hufunikwa au huchukuliwa na maji.

Tena si mifupa mikubwa pekee. Mwamba wa Tendaguru, ambao sehemu yake kubwa ina umri wa miaka kama milioni 150, umepangwa kwa zamu: tabaka lenye mifupa ya mijusi, kisha tabaka la bahari lenye chaza wa jamii ya Trigonia, konokono na wanyama wengine wa majini, kisha tena tabaka la mijusi. Maana yake ni kwamba pwani ilisogea mbele na nyuma mara kadhaa, na mtu anayetembea kwa uangalifu akipanda ukingo mmoja wa korongo anaweza kuona kwa macho yake bahari ikija na kuondoka. Katika udongo uleule uliozunguka mifupa mikubwa, wataalamu waliochekecha kwa subira walipata meno na mataya ya mamalia wadogo, wanyama wenye ukubwa wa panya, walioishi chini ya miguu ya majitu hayo. Mtu anayekimbilia mifupa mikubwa na kutupa kifusi huwa ametupa nusu ya habari.

Ukishuka pwani habari inabadilika tena. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, umehifadhi maganda ya viumbe wadogo sana wa baharini waitwao foraminifera kwa ubora ambao ni nadra kuupata kwingine duniani. Katika miaka ya 2000 wanasayansi wa nje walishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania kuchoronga mashimo katika maeneo haya, na maganda hayo yametumika kupima joto la bahari ya makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Vitabu vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali vinaitaja Kilwa kwa sababu hiyo. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huchora miamba tabaka kwenye madaftari yao kwa penseli za rangi, wakajibu mtihani, wakafaulu, bila mtu yeyote kuwaambia kwamba mwamba tabaka ndio ulioko nyuma ya choo cha shule.

Naomba nieleze kwa karibu kazi yetu ilivyo, ili asiwepo atakayedhani tunazurura na sururu. Mwanafunzi huleta habari kwamba ameona "jiwe lenye matundu". Tunakwenda naye. Kwanza tunaangalia mahali palipovunjika, si uso wa nje, kwa kuwa nje kila kitu kimepakwa rangi na udongo. Mfupa uliogeuka jiwe una ganda la nje lililoshikana, mara nyingi la rangi ya kahawia au kijivu, na ndani yake kuna vijitundu vingi vilivyopangana kama sifongo, baadhi vikiwa vimejazwa chembe za madini zinazong'aa juani. Jiwe la kawaida halina mpangilio huo. Wazee wa kazi hii kote duniani wana mtihani mwingine wa haraka, ambao wanafunzi huupenda kupita yote: ncha ya ulimi. Mfupa mkavu wenye vijitundu hunata ulimini, jiwe lililoshikana halinati. (Siupendekezi kwa Mheshimiwa yeyote mbele ya kamera.) Baada ya hapo tunaweka rula kando ya kipande, tunapiga picha ya karibu, kisha picha ya mbali inayoonyesha ukingo mzima na tabaka ambamo kipande kimetoka, tunaandika vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, tunaandika jina la mwenye shamba na kama ameridhia tuingie, kisha tunaondoka na kukiacha kipande pale pale. Ni kazi ya dakika chache, na sehemu ngumu kuliko zote ni kuwazuia vijana wasikichomoe.

Kukiacha mahali pake kuna sababu. Kipande cha mfupa kilichoko mezani kwangu kinaweza kusema ni cha mnyama, na pengine ni cha mguu. Kipande hichohicho kikiwa ukingoni kinasema kimetoka tabaka lipi, kililala kuelekea wapi, kipo na vingine vingapi, na kama maji yalikiburuta au mnyama alifia pale. Ukishakichomoa umebaki na pambo. Ndiyo maana hatuna sanduku la mifupa shuleni, ingawa wageni wengi huliulizia.

Sasa nieleze kilichotufanya tuandike. Katika shimo moja la kifusi lililofunguliwa kwa ajili ya ukarabati wa barabara, fundi mmoja wa kikundi chetu aliona mabonge ya kijivu yaliyotofautiana na udongo mwekundu uliokuwa ukipakiwa. Tulipofika tulikuta vipande vya mfupa vilivyovunjwa na kijiko cha mtambo, ncha zake zikiwa mpya kabisa, rangi ya ndani ikiwa bado nyepesi kuliko ya nje, na sehemu nyingine ya mfupa huohuo ikiwa imebaki ndani ya ukuta wa shimo, karibu na usawa wa kifua. Msimamizi wa kazi alikuwa muungwana. Alituuliza swali moja la maana kabisa: nisimamishe mitambo kwa amri ya nani? Hatukuwa na jibu. Tulikwenda ofisi moja ya umma, tukapokelewa vizuri, tukaambiwa suala hilo ni la ofisi nyingine. Ofisi ya pili ilituuliza kama tuna leseni ya madini. Ya tatu ilitushauri tuandike barua makao makuu na kusubiri majibu. Tuliandika. Mvua za masika zilipoanza ukuta ule uliporomoka, na kile kilichokuwa usawa wa kifua sasa kimo chini ya lami mahali fulani, au kimesagwa na magurudumu.

Sitaji shimo, mkandarasi wala ofisi, kwa sababu hakuna aliyetukosea kwa makusudi. Kila mmoja wao alifanya alichoagizwa, na hapakuwa na agizo lolote kuhusu mfupa.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda visukuku, inakataza kuvichimba bila leseni, inazuia kuvitoa nje ya nchi bila kibali, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Ni sheria nzuri na hatuombi ilegezwe hata kidogo. Tatizo ni kwamba wajibu wa kutoa taarifa umewekwa begani mwa mwananchi ambaye hajawahi kuisikia, na pale anapojitahidi kuutimiza hakuti kitabu, fomu wala mtu. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya sheria inayojulikana vijijini ni ile ya katazo tu. Mkulima anajua kwa uvumi kwamba ukikutwa na mifupa hiyo unashikwa, na anajua kwa uvumi mwingine kwamba serikali ikisikia kuna mifupa shambani kwako utahamishwa. Kati ya uvumi huo wawili, mtu mwenye akili timamu atafanya nini akigonga mfupa kwa jembe? Ataufukia, au atautupa mtoni, au atauponda na kuutia kwenye msingi wa nyumba pamoja na mawe mengine. Nimeonyeshwa kuta za namna hiyo, na mwenye nyumba aliniomba nisizipige picha.

Kuna na upande mwingine wa uvumi. Mkoa wetu una wachimbaji wadogo, hasa upande wa Ruangwa, wanaotafuta dhahabu na vito, na palipo na wachimbaji hapakosi watu wa kati wanaonunua kila kitu kizito au chenye rangi ya ajabu. Mahali ambapo serikali haijaweka daftari, mtu wa kati anaweka mzani. Bado hatujaona biashara ya mifupa ikishamiri kwetu, na tungependa daftari litangulie.

Tunachopendekeza hakihitaji sheria mpya wala, kwa kuanzia, fungu kubwa la fedha. Tunaomba kila halmashauri imteue mtumishi mmoja aliyepo tayari, afisa utamaduni kwa mfano, awe ndiye mpokeaji wa taarifa za visukuku, na jina la cheo chake libandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji. Awe na daftari moja lenye safu chache: tarehe, kijiji, vipimo vya mahali, maelezo ya kilichoonekana, picha, jina la aliyeona, jina la mwenye ardhi. Kila miezi mitatu nakala iende Idara ya Mambo ya Kale na kwa Makumbusho ya Taifa, ambayo tawi lake la elimu viumbe liko Arusha, takriban kilomita elfu moja kwa barabara kutoka hapa. Na wao, kwa upande wao, warudishe jibu hata kama ni la mstari mmoja: ni mfupa, si mfupa, usiguswe, tutakuja, hatutakuja. Jibu ndilo litakalomfanya mwananchi alete taarifa ya pili. Mtu aliyeandikisha jambo akakaa mwaka mzima bila jibu hatarudi tena, na atawaambia majirani zake wasijisumbue.

Daftari hilo lisiwe la wazi kwa kila mtu. Vipimo vya mahali vibaki kwa wahusika, maana ramani ya mifupa ikisambaa kwenye simu itakuwa mwaliko kwa wenye majembe. Aliyetoa taarifa aelezwe kwa maandishi kwamba kutoa taarifa si kosa, na kwamba kuwepo kwa kisukuku shambani hakumaanishi kwamba shamba linachukuliwa. Kama zipo hali ambazo eneo linaweza kutwaliwa, basi zielezwe kwa uwazi pamoja na haki ya fidia. Kuficha jambo hilo kutaharibu daftari siku ya kwanza.

Kwa vipande vilivyokwisha kung'oka na vilivyo hatarini kupotea, kama vile vya pale kwenye shimo la kifusi, tunaomba utaratibu mdogo wa dharura: afisa aliyeteuliwa aweze kuruhusu, kwa simu na kisha kwa maandishi, vipande viokotwe, vifungwe, viandikwe namba na kukabidhiwa kwake siku hiyohiyo. Bila ruhusa hiyo sisi hatutagusa, na hivyo ndivyo tulivyofanya pale shimoni, ingawa mikono ilituwasha.

Kuhusu barabara na machimbo, mlango tayari uko wazi. Miradi mikubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mashimo ya kifusi na machimbo madogo ya mawe ya chokaa, ambayo ndiyo yanayofungua ardhi mpya kila mwezi katika mkoa wetu, hupata vibali kwa njia nyepesi zaidi. Inatosha kuongeza aya moja kwenye vibali na mikataba hiyo: mfupa au umbo la kiumbe likionekana, kazi isimame katika eneo la mita kadhaa kuzunguka mahali hapo, afisa wa halmashauri apigiwe, na yeye awe na saa zinazojulikana za kufika au kuruhusu kazi iendelee. Mkandarasi anahitaji kujua atasimama kwa muda gani na nani atamwambia aendelee. Akihakikishiwa hilo, hana sababu ya kukwepa. Bila hilo, dereva wa mtambo ataendelea kufukia, na mimi singemlaumu, kwa kuwa analipwa kwa tripu.

Najua kuna hoja kwamba watu wa kawaida wakihamasishwa kutafuta mifupa watageuka wachimbaji. Ni hoja nzito na sisi wenyewe tumeijadili. Denmark, tangu mwaka 1990, ina utaratibu ambao kisukuku chenye thamani ya pekee kisayansi ni mali ya taifa hata kikiokotwa na mtu binafsi, naye akikikabidhi hulipwa zawadi. Utaratibu huo umewaletea makumbusho yao vitu vingi vilivyookotwa na wapenzi wa mawe kwenye miamba ya pwani. Hata hivyo sipendekezi tuige malipo hayo hapa, angalau kwa sasa. Kule makumbusho yako karibu, wataalamu ni wengi, na kipande kinachookotwa ufukweni kimeshang'oka kwa mawimbi. Hapa, bei ikitangazwa kwa kila mfupa, watu watapanda kilima cha Tendaguru na majembe wiki hiyohiyo, na kila kitakacholetwa kitakuwa kimekwisha kuharibiwa. Tuzo inayotufaa ni jina. Anayeandikisha apewe hati yenye namba ya daftari, na kitu chake kikija kuchunguzwa na kuandikwa, jina lake liandikwe pamoja na la mtaalamu, kama mwenyewe ameridhia.

Jina si jambo dogo. Kazi ya Tendaguru ya mwaka 1909 hadi 1913 iliendeshwa kila siku na wasimamizi Waafrika ambao walijifunza kuitambua mifupa, kuifukua na kuifunga bila kupita chuo chochote. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wao. Ilipita karibu karne nzima ndipo mjusi mmoja alipoitwa Australodocus bohetii, mwaka 2007. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, ambaye naye alikuwa mmoja wa watu wa kazi hiyo ya Tendaguru. Na kwa jirani zetu, Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba, akaligundua taya la Peninj, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, karibu na Ziwa Natron, hapahapa Tanzania, mwaka 1964, na miaka 20 baadaye huko Nariokotome nchini Kenya akaona kipande kidogo cha fuvu kilichoongoza kwenye kiunzi kinachokaribia ukamilifu cha kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Watu hawa hawakuwa na shahada walipoanza. Walikuwa na macho, na palikuwa na mtu wa kumpelekea walichokiona.

Ombi la mwisho ni la chumba. Hatuombi jumba la makumbusho, kwa kuwa ahadi za majumba tumezisikia na tunajua gharama zake. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, katika mji wa Lindi, chenye kabati, meza, taa na daftari, kingetosha kuhifadhi vipande vya dharura hadi wataalamu wafike, na kufundishia. Katika mazungumzo ya ushirikiano kati ya nchi yetu na Ujerumani, ambayo yanaendelea ngazi za juu kuliko sisi, tunaomba viongozi wetu waombe pia vitu vidogo visivyohitaji ubishi: nakala za plasta za mifupa michache ya Tendaguru, ukiwemo mmoja wa yule mjusi aliyesimamishwa Berlin tangu 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, nakala za ramani na madaftari ya uchimbaji ya Janensch, na mtaalamu mmoja wa kuja kila kiangazi kwa majuma mawili kuwafundisha maafisa na walimu wetu kwa Kiswahili. Mtoto wa Lindi akiweza kuweka mkono wake kwenye nakala ya mfupa wa paja na kuulinganisha na kimo chake, hatahitaji mwalimu kumweleza maana ya jiwe lenye matundu analolikuta njiani kwenda kisimani.

Kikundi chetu kina kumbukumbu, picha na vipimo vya maeneo yote tuliyoyaona hadi sasa, yote ndani ya mkoa huu. Hatujayachapisha popote na hatutayachapisha. Tuko tayari kuyakabidhi, yakiwa yamepangwa kwa kata na vijiji, kwa afisa yeyote atakayeteuliwa kwa maandishi kuyapokea, na tuko tayari kumtembeza maeneo hayo kwa gharama zetu wenyewe mara nyasi zitakapokwisha kuungua, kati ya Agosti na Oktoba. Tunachohitaji kutoka kwenu kabla ya hapo ni barua ya uteuzi na jina la ofisi.

Nawasilisha kwa heshima.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
kwa niaba ya kikundi cha waangalizi wa mawe,
Lindi.